Seli haipigi, grafu imelala: utatuzi wa matatizo kwenye uigaji wa seli za neva

Mwongozo huu ni wa mtu aliye Mbeya, Iringa, Njombe au Tukuyu, mwenye kompyuta mpakato ya kawaida na programu huria ya kuiga seli za neva, ambaye modeli yake imegoma. Programu ninazozungumzia ni tatu. NEURON ni hodari kwa seli moja yenye matawi yake yote. Brian2 unaiandikia milinganyo yenyewe, kama ilivyo ubaoni. NEST imetengenezwa kwa ajili ya mitandao mikubwa ya seli nyepesi. Zote ni za bure na zote zinaendeshwa kwa Python, hivyo mwanafunzi wa uhandisi pale MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, na mwalimu mtarajiwa wa biolojia pale Mkwawa, chuo cha ualimu cha Iringa, wanaweza kufanya kazi moja bila kununua leseni yoyote.

Matatizo ya uigaji ni ya aina mbili. Yapo yanayopiga kelele: maandishi mekundu yanajaa kwenye skrini na programu inasimama. Hayo yanaudhi, lakini hayadanganyi mtu. Yapo mengine yasiyotoa ujumbe wowote. Grafu inachorwa vizuri, mipigo (miruko mifupi ya volteji ambayo seli hupelekea ishara) ipo, mhimili umeandikwa milivolti, na ndani yake hakuna seli hai hata moja inayofanya hivyo. Ninayaogopa zaidi hayo ya pili, kwa sababu yanaweza kuingia kwenye tasnifu na kutetewa mbele ya jopo bila mtu kugundua. Kwa hiyo ya kwanza nitayapita haraka, na ya pili nitayakalia.

Anza na seli ya kupimia

Kabla hujaigusa modeli yako kubwa, tengeneza seli moja ambayo jibu lake unaweza kulipata kwa kalamu na karatasi. Chukua silinda moja yenye urefu wa mikromita 20 na kipenyo cha mikromita 20. Eneo la utando wake ni π × 20 × 20, yaani takribani mikromita za mraba 1,257. Weka uvujaji peke yake, `pas` kwenye NEURON, wenye upitishaji wa 0.001 S kwa sentimita ya mraba. Ukizidisha unapata upitishaji wa jumla wa nS 12.6, ambao ni sawa na ukinzani wa takribani megaomu 80. Ukiipa seli hiyo mkondo wa nA 0.1, volteji lazima ipande mV 8 na kutulia hapo. Kapasitansi ikiwa µF 1 kwa sentimita ya mraba, baada ya ms 1 volteji itakuwa imefika asilimia 63 ya safari yake.

Programu ikitoa mV 8, usakinishaji ni mzima na umeelewa vipimo vyake. Tatizo liko kwenye modeli yako. Ikitoa namba nyingine, usiende mbele. Jaribio hili linachukua dakika chache na linaokoa wiki. Yanayofuata hapa chini mengi utayapima kwa kulirudia.

Programu haisakiniki, au imesakinika lakini haionekani

Kwenye Linux na Mac, `pip install neuron` inatosha. Kwenye Windows, NEURON ina kisakinishi chake. NEST haiendi moja kwa moja kwenye Windows: weka Linux ndani ya Windows kupitia WSL, halafu usakinishe NEST kwa conda kutoka chaneli ya `conda-forge`.

Bando likiwa tatizo, usiwaache watu kumi wapakue kitu kilekile. Mmoja mwenye mtandao mzuri aandike `pip download neuron brian2`, avinakili vifurushi vyote kwenye fleshi, na wengine wasakinishe kwa `pip install --no-index --find-links` ikifuatiwa na jina la folda na majina ya programu. Sharti ni moja: toleo la Python na mfumo wa kompyuta viwe vilevile kwa wote. Vikitofautiana, pip itasema haioni kifurushi kinachofaa, na hapo wengi hudhani fleshi imeharibika.

Python ikilalamika kwamba `neuron` haina kitu fulani ambacho una hakika kipo, angalia jina la faili lako. Ukiliita `neuron.py`, `nest.py` au `brian2.py`, Python inaifungua kazi yako badala ya programu yenyewe. Badilisha jina na matatizo yataondoka.

Ukipata ujumbe `argument not a density mechanism name`, chaneli (tundu la utando linalopitisha ioni) unayoitaka haijatafsiriwa. Faili za `.mod`, zinazoeleza chaneli, lazima zipitie `nrnivmodl` kwanza. Amri hiyo inatengeneza folda kama `x86_64`, na NEURON huisoma yenyewe pale tu unapoanzisha Python ukiwa kwenye folda hiyohiyo ya kazi. Ukianzia kwingine, tumia `neuron.load_mechanisms` na uipe njia ya folda. Kinyume chake, ukiambiwa kwamba jina lipo tayari, umezipakia chaneli mara mbili.

Brian2 ikionya kwamba haina kompaila ya C++, bado inafanya kazi kwa numpy, ila polepole. Kwa seli moja lipuuze onyo hilo. Kwa mtandao wa maelfu, sakinisha kompaila.

Seli haipigi kabisa

"Mwalimu, shikamoo. Nimeweka `hh`, nimeweka mkondo, seli imelala kwenye -65, haishtuki." Hiyo `hh` ni chaneli za Hodgkin na Huxley zinazokuja na NEURON. Swali hili ndilo linalorudi kuliko yote, na sababu ya kwanza ya kutazama ni ukubwa wa seli.

Ukiumba sehemu mpya kwenye NEURON bila kuipa vipimo, inakupa silinda ya urefu wa mikromita 100 na kipenyo cha mikromita 500. Kipenyo hicho ni nusu milimita. Huo ni unene wa akzoni kubwa (uzi mrefu wa seli ya neva) ya ngisi, mnyama ambaye Hodgkin na Huxley walimtumia katika majaribio yao hadi wakachapisha milinganyo yao mwaka 1952, wala si wa seli yoyote ya ubongo wa panya au wa binadamu. Eneo la silinda hiyo ni mara 125 ya eneo la seli yetu ya kupimia. Kwa uvujaji uleule, mkondo wa nA 0.1 uliopandisha mV 8 kule, hapa haupandishi hata mV 0.1. Seli ni nzima. Mkondo ndio mdogo kwa mwili ule. Andika `soma.L = soma.diam = 20`, weka nA 0.2, na `hh` itapiga mfululizo.

Ukubwa ukiwa sawa na bado kimya, shuku Python. Python hufuta kila kitu kisichoshikwa na jina. Ukiumba `IClamp`, kifaa cha NEURON cha kuingiza mkondo, ndani ya funksheni na funksheni ikaisha bila kukirudisha kifaa hicho, kifaa kimefutwa. Hakuna ujumbe, hakuna onyo. Mkondo haupo tu. Ndivyo ilivyo pia kwa `NetCon` inayounganisha seli na kwa `Vector` inayorekodi volteji. Dawa yake ni kuvihifadhi ndani ya orodha inayoishi hadi mwisho wa uigaji, au kuvifanya viwe mali ya seli yenyewe. Brian2 ina ugonjwa wa ukoo huohuo: vitu ulivyovifungia ndani ya orodha au kamusi ya Python havionwi na `run` ya kawaida. Viingize kwa mkono kwenye `Network`, kisha uiendeshe hiyo.

Halafu tazama saa. NEURON ikiachwa yenyewe husimama kwenye ms 5. Kichocheo chako kikisubiri ms 100, uigaji umeisha kabla hakijaanza. Na kumbuka kwamba kwenye Python muda wa kusubiri wa `IClamp` unaandikwa `delay`, maana `del` ni neno ambalo Python imejiwekea.

Mwisho ni vipimo vya mkondo, na hapa niko mkali. NEURON inapokea nA kwa kichocheo cha nukta. NEST inapokea pA. Mtu anayehamisha 0.2 kutoka NEURON kwenda NEST bila kubadilisha ameupunguza mkondo mara 1,000. Kwenye NEST seli ya `iaf_psc_alpha` inakuja na kapasitansi ya pF 250, muda wa utando wa ms 10, pumziko la mV -70 na kizingiti cha mV -55. Piga hesabu: mV 15 × pF 250 ÷ ms 10 ni pA 375. Mkondo wa kudumu wa pA 370 hautatoa mpigo hata ukisubiri hadi kesho. Wa pA 380 utatoa. Brian2 peke yake ndiyo inayokulazimisha uandike vipimo, na ukichanganya inasimama na kusema `DimensionMismatchError`. Wanafunzi wengi huuchukia ujumbe huo. Mimi ninaupenda, na kwa anayeanza ningependekeza Brian2 kwa sababu hiyo pekee.

Inapiga, lakini mpigo haueleweki

Tazama joto kwanza. NEURON huanza na `celsius` ya 6.3, kwa sababu hilo ndilo joto ambalo milinganyo ya akzoni ya ngisi iliandikiwa. Mtu akifikiria ubongo wa binadamu, anaandika 37 na kuendelea. Kwenye `hh`, kasi ya milango huzidishwa kwa 3 kila joto linapopanda nyuzi 10. Kutoka 6.3 hadi 37 ni karibu mara 29. Sodiamu inafungua na kufunga upesi mno, potasiamu nayo inaiwahi, huku kapasitansi ya utando haijabadilika. Mpigo unasinyaa na kuwa kinundu kidogo. Mwanafunzi anaona seli imekuwa dhaifu na anaongeza mkondo. Dawa si mkondo. Ukitaka seli ya mamalia, tafuta chaneli zilizopimwa kwa mamalia, na `hh` iache na nyuzi zake 6.3.

Lipo kosa lililojificha zaidi. Faili za `.mod` za watu mbalimbali hazilitazami joto kwa namna moja. Moja ina marekebisho ya joto ndani yake, nyingine haina kabisa, ya tatu imekaza nyuzi zake ndani ya faili. Ukibadilisha `celsius`, chaneli moja inaongeza kasi na jirani yake inabaki palepale, na seli inaanza tabia ambayo haimo katika maabara yoyote. Fungua kila faili la `.mod` na utafute neno `celsius` au `q10`. Ni kazi ya kuchosha, na haina njia ya mkato.

Kwa wanaolinganisha modeli na majaribio ya darasani, tuseme kurekodi neva za mguu wa mende, joto la chumba si jambo dogo katika nyanda hizi. Asubuhi ya Julai, chumba kisicho na kipasha joto hapa Mbeya kinaweza kuwa na nyuzi 15. Kyela siku hiyohiyo unaweza kukuta 25. Kwa kanuni ileile ya mara 3 kwa nyuzi 10, milango ya mende wa Kyela inakwenda mara 3 ya kasi ya wa Mbeya. Andika joto kwenye daftari kila unaporekodi, kisha uiambie modeli joto hilohilo. Makala za nje zikisema "joto la chumba" zina maana ya chumba chao.

Sababu nyingine ya mpigo mbaya ni kunakili milinganyo kutoka vitabu viwili tofauti. Ile ya 1952 ilipima volteji kuanzia pumziko, na ishara yake ilikuwa kinyume na ya leo: seli ikisisimka, namba inakwenda kwenye hasi. Vitabu vilivyofuata vikaigeuza ishara lakini vikaacha pumziko kuwa 0. Siku hizi tunaandika volteji halisi, pumziko likiwa mV -65. Kila mtindo ni sahihi ukiwa peke yake, na ni sumu ukichanganywa. Utautambua kwa namba za sodiamu na potasiamu: ukiona -115 na +12, ni mtindo wa 1952, 115 na -12, ni wa pumziko sifuri, 50 na -77, ni wa leo. Ukikuta 115 kwenye mstari mmoja na -65 kwenye mwingine, umelipata kosa.

Ghafla kila kitu kimekuwa nan

`nan` maana yake ni "si namba". Hapa programu imegawanya sifuri kwa sifuri, au hesabu imelipuka. Angalia kiwango cha kufungua cha sodiamu: 0.1(v + 40) ÷ (1 − exp(−(v + 40)/10)). Volteji ikiangukia -40 kamili, juu ni 0 na chini ni 0, ingawa kihisabati jibu ni 1. Faili la `hh` la NEURON limeliziba shimo hili tayari. Kwenye Brian2 ulizibe mwenyewe kwa kutumia funksheni `exprel`. Modeli inaweza kwenda vizuri mara nyingi na kufa siku volteji inapogonga namba hiyo, na ndiyo maana watu hudhani kompyuta ndiyo mbovu.

Kama si hilo, ni hatua ya muda. Brian2 na NEST huanza na hatua ya ms 0.1, NEURON na ms 0.025. Mlango wa sodiamu unabadilika ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde, kwa hiyo njia ya Euler ya kawaida yenye hatua ya ms 0.1 inaruka juu ya jibu, inarudi, inaruka zaidi, hadi namba zinapasuka. Kwenye Brian2 andika `method='exponential_euler'` na ushuke hadi ms 0.01 kwa seli za aina ya Hodgkin na Huxley.

Lakini hatua mbaya ya muda si lazima ilete nan. Inaweza kuleta jibu linalopendeza na lisilo la kweli, na hiyo ni hatari zaidi. Kipimo chake ni kimoja: ipunguze hatua kwa nusu na uendeshe tena. Kwa seli moja, nyakati za mipigo zikihama kwa kiasi unachokiona kwenye grafu, hatua ya kwanza ilikuwa kubwa mno. Kwa mtandao usidai kila mpigo urudi palepale, maana tofauti ndogo hukua haraka. Dai kasi ya wastani na umbo la jumla vibaki.

Sinapsi ya tawini haifiki kwenye mwili wa seli

Umepakua seli yenye matawi kutoka NeuroMorpho.Org, hifadhi ya mtandaoni ya maumbo ya seli za neva, umeweka sinapsi (kiungo cha seli na seli) mbali kwenye dendraiti, yaani tawi la kupokea ishara, na kwenye mwili wa seli huoni kitu. Dendraiti inavuja. Ni kama mfereji wa udongo unaopeleka maji bustanini: yanayofika tuta la mwisho ni yaliyobaki baada ya ardhi kunywa. Umbali ambao ishara inasafiri kabla ya kushuka hadi asilimia 37 unaitwa lamda, nao ni kipeuo cha pili cha robo ya kipenyo mara ukinzani wa utando ukigawanywa kwa ukinzani wa ndani.

Tia namba. Tawi la kipenyo cha mikromita 2, ukinzani wa ndani wa 150 Ω cm. Ukiacha `pas` na uvujaji wake wa kuanzia wa 0.001, ukinzani wa utando ni 1,000 Ω cm², na lamda ni mikromita 183. Ukiweka 20,000 Ω cm², thamani inayofanana zaidi na seli za gamba la ubongo, lamda ni mikromita 816. Kwenye tawi refu, ishara ya kudumu iliyosafiri mikromita 600 itabaki takribani asilimia 4 katika hali ya kwanza, na asilimia 48 katika ya pili. Namba moja uliyoiacha ilivyokuja na programu imegeuza jibu la swali lako la kisayansi. Uvujaji wa 0.001 ni thamani ya kuanzia tu. Usiuache kwenye modeli unayoiita halisi.

Halafu kagua `nseg`. Kila sehemu huanza na `nseg` ya 1, maana yake tawi zima la mikromita 600 linahesabiwa kama nukta moja. Kanuni inayotumika ni kila kipande kisizidi moja ya kumi ya lamda iliyopimwa kwa Hz 100, na idadi iwe witiri ili pawe na nukta katikati kabisa. Kuhakiki, zidisha `nseg` zote kwa 3 na ulinganishe. Jibu likibadilika, vipande vilikuwa vichache.

Na faili lenyewe la umbo la seli, la aina ya SWC, lina mitego yake. Lina safu saba, na ya sita ni nusu kipenyo, si kipenyo. Ukilisoma kwa msimbo uliouandika mwenyewe ukasahau hilo, matawi yote yanakuwa nusu ya unene wake. Tumia `Import3d` ya NEURON. Kisha ichore seli uitazame kwa macho: matawi yenye unene uleule kuanzia shinani hadi nchani, au yanayoruka ghafla kwenye kina, yanaonyesha kwamba aliyechora alikuwa na darubini au muda usiotosha. Chagua seli nyingine.

Mtandao uko kimya, au unawaka wote kwa pamoja

Kimya kwanza, maana sababu yake ni fupi. `NetCon` ya NEURON huanza na uzito wa 0. Unaweza kuunganisha seli 500 kwa uangalifu mkubwa na kusiwe na hata moja inayosikia nyingine. Andika `nc.weight[0]`. Kizingiti chake ni mV 10, hivyo mpigo uliosinyaa usiofika hapo hauhesabiki.

Mtandao unaowaka wote, kila seli ikipiga kwa pamoja bila kupumzika, mara nyingi una uzito mkubwa kupita kiasi. Kwenye `ExpSyn`, sinapsi nyepesi ya NEURON, uzito ni µS. Sinapsi moja ya kawaida iko kwenye kiwango cha nS 1 hivi, yaani 0.001. Ukiandika 1, kila sinapsi yako ina nguvu ya sinapsi elfu.

Uzito ukiwa sawa, kagua vizuizi. `ExpSyn` inakuja na volteji ya kugeukia ya 0, yaani inasisimua. Wengi wanaotaka kizuizi huandika uzito hasi, na grafu inaelekea kukubali. Upitishaji hasi haupo katika maumbile. Acha uzito uwe chanya, na ushushe `e` hadi kati ya -70 na -80. Uzito hasi ni sahihi kwenye seli za NEST zinazopokea mkondo, kama ile `iaf_psc_alpha`, kwa sababu kule uzito ni pA. Hapa ndipo waliojifunza programu mbili kwa wakati mmoja wanapokwama zaidi.

Kisha pima uwiano. Katika mtandao ambao Nicolas Brunel aliuchambua mwaka 2000, asilimia 80 ya seli husisimua na 20 huzuia. Kwa kuwa wasisimuzi ni mara 4 ya wazuiaji, kila kizuizi lazima kiwe na nguvu zaidi ya mara 4 ya kisisimuzi ili uzuiaji utawale. Ukiweka nguvu sawa, mtandao utawaka, na hutakuwa umegundua kifafa. Pia usizianzishe seli zote kwenye volteji moja: zitapiga pamoja mwanzoni kwa sababu umezipanga hivyo. Zitawanye kwa bahati nasibu, na utupe milisekunde mia chache za mwanzo kabla ya kuhesabu chochote. Brian2 isipoambiwa, huanzisha volteji kwenye 0, juu ya kizingiti chochote cha kweli. Hapo seli zote hupiga kwenye hatua ya kwanza.

Jana na leo matokeo hayafanani

Umetumia bahati nasibu bila kuifunga. Ifunge kwa mbegu, yaani namba ya kuanzia: kwenye Brian2 andika `seed(42)`, kwenye NEST `nest.rng_seed = 42`. NEST ina jambo la ziada: idadi ya nyuzi za kazi (threads) ikibadilika, mgawanyo wa namba za nasibu nao hubadilika, kwa hiyo mbegu moja kwenye kompyuta mbili inaweza kutoa mipigo tofauti. Andika idadi ya nyuzi pamoja na mbegu. Ndani ya Jupyter, weka `start_scope()` juu ya kila jaribio la Brian2 na `nest.ResetKernel()` juu ya kila la NEST, ama sivyo seli za jaribio lililopita zinaweza kuingia kwenye la sasa.

Ukishaifunga mbegu, usitegemee mbegu moja. Matokeo yanayotokea kwa 42 na kupotea kwa 43 si matokeo.

Kompyuta inaganda, au umeme unakatika katikati ya kazi

Kuganda mara nyingi ni kurekodi kupita kiasi. Volteji ya seli 1,000 kwa sekunde 10, kwa hatua ya ms 0.1, ni namba milioni 100. Kila moja baiti 8, jumla megabaiti 800. Kompyuta ya GB 4 yenye kivinjari wazi haiwezi. Rekodi mipigo ya seli zote, ambayo ni myepesi, na volteji za seli tano au kumi ulizozichagua.

Umeme nao upangie. Gawanya uigaji mrefu katika vipande vya sekunde moja moja, na kila kipande kikiisha andika matokeo kwenye diski. Brian2 ina `store` na `restore`, nazo zinaweza kuandika hali nzima ya mtandao kwenye faili. NEURON ina `SaveState`. Tahadhari moja: `store` haifanyi kazi ukitumia `cpp_standalone`, kwa hiyo amua mapema kama unataka kasi au usalama. Pale ambapo betri ya mpakato imeshachoka na umeme si wa uhakika, mimi ninachagua usalama.

Modeli ya mtu mwingine inakataa kuendeshwa

ModelDB, hifadhi ya mtandaoni ya modeli za neva, ina modeli nyingi zilizochapishwa, na kuanzia hapo ni bora kuliko kuanzia sifuri. Modeli ya zamani ikigoma kwenye `nrnivmodl`, angalia kama faili za `.mod` zina sehemu iliyoandikwa `VERBATIM`. NEURON 9 hutafsiri faili hizo kwa C++, na msimbo wa C uliofungiwa ndani ya `VERBATIM` mara nyingi haukubaliki tena. Tengeneza mazingira mapya ya Python na usakinishe toleo la 8 kwa `pip install "neuron<9"`. Utakapoielewa modeli ndipo uihamishe.

Ikikubali kwenda, usibadilishe kitu bado. Tafuta mchoro mmoja kwenye makala iliyoitoa modeli hiyo, uutengeneze upya, na uweke michoro miwili ubavu kwa ubavu: pumziko, urefu wa mpigo, idadi ya mipigo, muda wa mpigo wa kwanza. Ikipishana, rudi kwenye joto, hatua ya muda na `nseg`, kwa mpangilio huo. Ikilingana, nakili folda nzima, ipe jina jipya, na ubadilishe kigezo kimoja.